Habari Ziwafikie Walio Hai

Meneja ameniomba niwaandikie kurasa chache nyie mnaobaki studio, maana mimi nimekabidhi funguo na nimerudi nyumbani Kawajense, hapa hapa Mpanda, kuangalia kuku. Nadhani alitegemea nizungumzie nidhamu na kuwahi kazini. Wahini kazini. Hilo tumelimaliza, sasa niwaeleze kazi yenyewe.

Kwa wale mlioingia juzi: mimi ni Skolastika, Bi. Skola wenu, na kwa miaka yangu yote redioni nilisoma matangazo ya vifo. Nilisoma na mengine pia, mbolea imefika, ng'ombe wamepotea, kikao cha kata kimeahirishwa, lakini hayo hakuna anayenikumbuka nayo. Mtu akifariki Nsemulwa, Majimoto au kule Karema ziwani, familia ilikuja kaunta, na saa saba mchana mimi ndiye niliyeuambia mkoa mzima. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa virefu, havitapunguza urefu wa maandishi haya.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Dismas. Yeye ni Mpimbwe, mwenyeji wa Usevya, na wakati huo alikuwa mtangazaji, fundi mitambo, na mtu wa kufukuza mbuzi kwenye nyaya za antena. Nilidhani atanipeleka kwenye kipaza sauti. Alinipa kiti cha plastiki, akaniketisha kaunta.

"Usifanye kitu," aliniambia. "Waangalie tu wanavyoingia."

Niliwaangalia. Waliingia wengine wamebeba viatu mkononi kwa sababu walitoka mbio. Waliingia wengine wametulia, wanauliza bei ya tangazo, halafu wakifika kutaja jina la marehemu wanasahau limeanzaje. Nilikaa pale mpaka nikaacha kuwashangaa. Ndipo Dismas akanipa karatasi ya mahitaji ya sokoni, nyanya, chumvi, mafuta ya taa, akasema niisome kama tangazo la msiba. Nikasoma kwa sauti ya kutetemeka, nikidhani ndiyo huzuni.

"Wewe unalilia nyanya?" akauliza. "Kulia waachie wenye msiba. Wewe peleka habari."

Somo lake lingine ndilo lililonilisha mpaka nastaafu, kwa hiyo lisomeni taratibu. Jina likishatoka mdomoni, nyamaza. Kaa kimya urefu wa pumzi moja. Mahali fulani kuna mtu limemwangukia, yuko shambani, yuko kwenye mashine ya mpunga, ananyonyesha. Mpe nafasi avute hewa, la sivyo utataja siku ya maziko naye hatasikia chochote. Dismas aliita ile nafasi "pumzi ya mfiwa". Nyie siku hizi mnaijaza kwa kukohoa na kupangua karatasi. Acheni.

Chini ya sauti yangu kulikuwa na kinanda. Dismas alikirekodi kanisani siku moja mpiga kinanda alipokuwa akijifunza wimbo peke yake, akaweka kwenye kaseti, na kaseti hiyo moja ikatumika mwaka hadi mwaka. Studio yetu ya zamani ilikuwa na bati juu bila dari. Mwezi wa kumi ungeweza kukaanga karanga mle ndani. Kaseti ikaanza kulegea, mkanda wa dek, ile mashine ya kupigia kaseti, nao ukalegea, na kinanda kikaanza kwenda polepole na kushuka chini. Sisi hatukugundua kwa sababu tulikuwa nacho kila siku. Mwishoni hakikuwa tena wimbo wa mtu yeyote. Kilikuwa mngurumo mrefu wenye mkwaruzo, na ndani yake kwa mbali kitu kama kengele kinachojaribu kupanda na kushindwa. Mkoa mzima ulijua kwamba mngurumo huo ukianza, redio iongezwe sauti na watoto wanyamazishwe.

Kuna siku ngumu. Wake wawili wa mzee mmoja wa Nsemulwa walileta matangazo mawili ya mume mmoja, na kila tangazo lilitaja watoto wa mke mmoja tu. Kaunta waligombana mpaka mlinzi akatoka nje, na huyo ndiye aliyepaswa kuingia ndani. Niliwachukua wote wawili studio, nikawaketisha, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, nikawasomea watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Niliposoma wa mwisho, mke mkubwa akasema, "Huyo mdogo ndiye aliyefanana naye." Tulisoma tangazo moja. Sikuwapatanisha, msinisingizie, walitoka hawasemeshani. Lakini watoto walitajwa wote.

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa yangu mwenyewe. Mume wangu alifariki ghafla, wakati wa masika. Binti yetu Agripina, tunayemwita Pina, alikuwa bweni huko Inyonga. Shemeji yangu alipanda basi asubuhi kwenda kumchukua ili aambiwe na mtu wa nyumbani, basi likakwama kwenye matope. Mimi sikujua. Saa saba ilipofika, Dismas alisimama mlangoni pa studio.

"Skola, hili niachie mimi."

"Huyu ni mume wangu," nikamwambia. "Nani atalitaja jina lake vizuri kuliko mimi?"

Nikasoma. Jina likatoka, nikanyamaza, na mara hiyo ile pumzi niliivuta mimi. Nilisoma vizuri, na kama ingebidi ningesoma tena. Lakini mpishi wa shule alikuwa amefungua redio jikoni, na Pina alikuwa kwenye foleni na sahani yake. Alisikia mngurumo, akamsikia mama yake, akasikia jina la baba yake.

Pina sasa ni muuguzi Tabora, ana watoto wake, ananipenda na mimi nampenda. Ila sauti yangu kwenye simu haiwezi. Aliniambia wazi, bila ukali: "Mama, ukitaka kunipigia, tuma meseji kwanza. Andika 'wote wazima'. Ndio upige." Nikawa naandika wote wazima, nangoja, ndipo napiga. Si yeye peke yake. Sokoni Makanyagio niliwahi kumwambia muuza nyanya "za asubuhi mama", nikiwa nyuma yake, akakaa chini kabla hajageuka. Wakwe zangu huniomba nisiongee kwenye sherehe. Kwa watu wengine nilikuwa nacheka. Kwa Pina iliniuma, iliniuma kila nilipoandika maneno yale mawili, na sikuwa na fundi wa kumpelekea tatizo hilo.

Kompyuta zilipokuja, redio ilinunua muziki wa huzuni uliotengenezwa tayari, msafi, hauna mkwaruzo hata mmoja, unafaa kuuzia sabuni. Dismas alikuwa ameshastaafu na kurudi Usevya. Kaseti ikawekwa kwenye boksi la takataka, nikaitoa, nikaitia kwenye mkoba wangu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Masanja. Huyu ni mtu mzima, ana mke na watoto, ana studio ndogo Makanyagio nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, anarekodi vijana wa Bongo Fleva na kwaya. Familia yao ni Wasukuma waliohamia nchi ya Wapimbwe na ng'ombe, na yeye alikua akichunga uwandani na redio shingoni.

"Shikamoo mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma chao. "Kile kinanda cha zamani cha vifo kiko wapi?"

Nikamuuliza anakitakia nini. Akaniambia kwamba alipokuwa machungani, kile kinanda ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia, na kwamba alikuwa anaona aibu kusema kwa sababu kila kikipigwa watu wazima walikuwa wanalia. Sasa alitaka kutengeneza albamu nzima juu yake. Bila ngoma, bila gitaa. Muziki wa giza, alivyouita, unaokwenda polepole, na juu yake mtu anaongea tu.

"Anaongea nini?"

"Wewe ndio utaongea, mayu."

Nikamwambia nimesoma wafu kutosha, sitawasoma tena kwa starehe. Akatikisa kichwa.

"Sitaki wafu. Nataka utangaze watu ambao wapo. Kwa sauti ile ile, na pumzi ile ile."

Nilikwenda nyumbani, nikakaa na kuku, nikamfikiria Pina na simu yake. Kesho yake nikampelekea kaseti.

Nawaeleza tulivyofanya, kwa kuwa ni kazi ya studio na nyie ni watu wa studio. Kaseti hatukuisafisha. Masanja aliiingiza kwenye kompyuta na uchafu wake wote, akaivuta zaidi, noti moja ikawa ndefu mpaka ungeweza kubandika maharage na kurudi. Chini akaweka viboko wa mto Katuma aliowarekodi kiangazi kutoka darajani, wakati maji yameisha na wanyama wamesongamana kwenye tope wakigombana kwa koo nzito. Juu kabisa akaweka mashine ya mpunga ya Usevya, kwa mbali, na mabehewa yakigongana stesheni ya Mpanda. Vijana wake wa Bongo Fleva walichungulia mlangoni. "Mama, ngoma inaanza saa ngapi?" mmoja akauliza. Nikamwambia ilishaisha.

Dismas tulimfuata kwao. Aliisikiliza yote akiwa amefumba macho, akasema kinanda kimezeeka kuliko yeye, akatuchagulia majina. Aliwataja majirani, akamtaja mtengeneza mizinga wa kijiji, mwishoni akasema na yeye awekwe, awe wa kwanza kwa sababu ni mkubwa. Tukarekodi. "Masanja wa Makanyagio anafurahi kutangaza kwamba Mzee Dismas wa Usevya yupo." Pumzi. "Habari ziwafikie watoto wake popote walipo, wajukuu, shemeji zake wa Majimoto, na wote wanaomfahamu." Nilisoma bila kuilainisha sauti. Dismas hakunifundisha kulainisha.

Sasa nifike kwenye vurugu. Mtangazaji mmoja wa mchana, simtaji, anajijua, aliupenda wimbo ule kwa dhati na akataka kuwaonjesha watu. Akaupiga bila kutoa maelezo yoyote, na saa aliyoupiga ilikuwa saa saba kamili.

Fikirini wenyewe. Mngurumo wa zamani uliokuwa haujasikika miaka. Sauti yangu. Jina la Mzee Dismas wa Usevya. Watu hawakusubiri lililofuata, mengine walijaza wenyewe. Mpanda walianza kutafuta bodaboda. Shemeji wa Majimoto wakafunga maduka. Mtoto wake mkubwa alikuwa Karema akaacha samaki kwenye jua. Mchele, sukari, maturubai na sufuria za msiba vikapakiwa.

Dismas alikuwa na redio yake uani anamenya karanga. Alijisikia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Kwa kuwa kazi hii anaijua, alielewa kitakachofuata, hakuhangaika kumpigia mtu. Akaoga, akavaa shati jeupe, akatoa kiti nje, akakaa kungojea. Wa kwanza kufika walikuwa wanawake wawili juu ya pikipiki moja, wanalia tangu njia panda. Walishuka wakilia, wakamwona, wakaendelea kulia kidogo maana kilio nacho hakikatiki ghafla.

"Nani kafa?" akawauliza.

"Wewe, baba."

"Aa. Karibuni basi. Mchele pelekeni ndani."

Mpaka jioni uwanja ulikuwa umejaa. Walikula mchele wote.

Meneja wetu hakucheka, na kwa nafasi yake nisingecheka pia. Simu za malalamiko zilikuwa haziishi. Alituita mimi na Masanja ofisini, akamwita na Dismas aje kama mlalamikaji. Akasema wimbo hautapigwa tena, na kama albamu inataka kutoka mkoani humu, sauti yangu iondolewe.

"Bi. Skola, sauti yako ni ya matangazo ya vifo," alisema, taratibu kabisa, kwa heshima. "Watu wameshaizoea hivyo. Huwezi kuibadilishia kazi sasa hivi."

Hakuwa amekosea. Ndiyo maana ilinichoma. Nilijiona nikiandika wote wazima mpaka siku yangu ya kufa, na Masanja pembeni yangu ameinamisha kichwa, kwa sababu bila ile sauti hakuwa na albamu, alikuwa na viboko tu.

Dismas alikuwa na lile shati jeupe.

"Meneja, mimi ndiye marehemu, nisikilizeni," akasema. "Nimetaja majina ya watu tangu nyie mnanyonya. Hakuna hata mmoja aliyelisikia lake. Nilikuwa nawaza, huyu angejua nani anakuja kumlilia. Sasa mimi nimejua. Nimemwona aliyekuja mbio na nimemwona aliyekuja kuangalia shamba litagawanywa vipi. Kijana wangu wa Karema hajalala kwangu siku nyingi, juzi kalala. Sasa nilalamike nini?"

"Lakini mzee, watu walishtuka."

"Walishtuka kwa sababu hamkuwaambia. Tangazo lina mlango wake. Wekeni mlango."

Tukaweka mlango. Kabla kinanda hakijaanza, natamka peke yangu, pakavu: hili ni tangazo la walio hai, endeleeni na kazi zenu. Meneja akalisikiliza, akasaini. Wimbo ukarudi hewani hivyo, na albamu ikaruhusiwa.

Kilichofuata sikukitegemea. Watu walianza kuja kaunta. Yule mama wa nyanya alikuwa kati ya wa mwanzo.

"Bi. Skola, nitangaze na mimi."

"Una nini wewe?"

"Sina kitu. Nitangaze ningali nasikia. Nikifa mtanisoma vizuri, mimi nitafaidi nini?"

Walitaka na orodha ya ndugu, kamili, hata wale wasiosalimiana nao. Yule mama wa nyanya nilimsoma siku ya gulio, sokoni palepale redio zikiwa wazi, na alisimama katikati ya mafungu yake ya nyanya amejishika kifua, anacheka, machozi yanatoka. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha walio hai, mnacho mpaka leo, Neema anakisoma, na anakisoma vizuri isipokuwa ile pumzi anaikata. Neema, usiikate.

Ulibaki wimbo mmoja wa kufungia albamu. Masanja alishaumaliza, kinanda kitupu, hakuna kiboko wala mashine, ila maneno hayakuwapo. Nikauliza nitasoma nini. Dismas, aliyekuwa amekuja Makanyagio kutusikiliza, akaniondoa kwenye kiti.

"Wewe leo kaa kule. Vaa hedfoni."

Sikuwa nimewahi kukaa upande ule. Alikohoa, akaomba radhi, akaanza kwa ile sauti yake ambayo sasa imepasuka katikati.

"Dismas wa Usevya anafurahi kutangaza kwamba Skolastika wa Kawajense yupo."

Kisha akanyamaza.

Miaka yote nimewapa watu ile pumzi na nilikuwa sijui inavyokuwa. Jina langu lilinijia masikioni likanikaa, na ukimya ukanishika mabega. Nililia, wazi, mbele ya watu. Niliruhusiwa, lilikuwa jina langu. Yeye aliniacha nivute hewa, na alipoona nimevuta ndipo akaendelea.

"Habari zimfikie binti yake Agripina aliyeko Tabora, wajukuu zake, na wote wanaomfahamu. Yupo nyumbani. Anafuga kuku."

Wimbo huo nilimtumia Pina kwenye simu. Kabla sijautuma niliandika wote wazima, kama kawaida yetu, halafu nikaongeza kwamba asikilize akiwa amekaa. Hakujibu siku ile. Wala kesho yake. Nilikwenda kazini, nikakabidhi funguo, mkanikatia keki, mkanipa na vitenge, asanteni, na muda wote ule nilikuwa naichungulia simu.

Meseji ilikuja asubuhi moja nikiwa nawamwagia kuku pumba. Ilikuwa fupi. "Mama, usiandike tena wote wazima. Piga tu."

Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikapiga. Ikaita. Akapokea mwenyewe, akasema shikamoo mama, halafu akanyamaza, ananingojea niongee.

"Marahaba, Pina," nikasema. "Habari za asubuhi?"

"Nzuri mama," akasema. "Endelea kuongea."